Imani Inayolipwa Kabla ya Safari: Masoko, Mitandao ya Kijamii na Chapa za Utalii Karatu na Ngorongoro

1.0 Utangulizi

Barabara ya lami inayotoka Makuyuni hupita Mto wa Mbu, hupanda ukingo wa Bonde la Ufa, hukatiza mji wa Karatu na kufika kwenye geti la Lodoare, mlango wa Hifadhi ya Ngorongoro. Magari mengi ya watalii yanayotoka Arusha kwenda kwenye Kreta au kuvuka hadi Serengeti hupita hapo, na wageni wengi hulala Karatu kabla ya kuingia hifadhini alfajiri. Loji, gereji, maduka, mashamba ya mboga yanayolisha majiko ya loji, na vijana wanaofanya kazi ya kuongoza watalii, vyote hutegemea uamuzi unaofanywa mbali sana na Karatu, mbele ya kioo cha simu, na mtu ambaye pengine hajawahi kukanyaga Tanzania. Mtu huyo hulipa sehemu ya gharama, wakati mwingine gharama yote, wiki au miezi kabla ya kupanda ndege. Anachokinunua bado hakipo.

Methali isemayo “chema chajiuza, kibaya chajitembeza” hutajwa mara kwa mara na wale wanaoyatilia shaka matangazo ya biashara. Methali hiyo ni ya kweli sokoni, mahali ambapo mnunuzi amesimama mbele ya kitu na anaweza kukishika. Safari ya kitalii haina sifa hiyo. Hata iwe njema kiasi gani, haiwezi kujiuza kwa mtu aliyeko Köln au Chicago; ni lazima itembezwe. Matokeo yake ni kwamba chema na kibaya hujitembeza katika njia ileile, vikiwa vimevaa mavazi yaleyale: tovuti nzuri, picha ya simba, na ahadi ya kukumbukwa maisha yote.

Makala haya yanaeleza jinsi imani ya mteja katika chapa za utalii inavyojengwa na kuvunjwa katika mazingira hayo. Neno chapa linatumika hapa kwa maana ya jina pamoja na ahadi ambayo watu wameizoea kulihusisha na jina hilo, iwe ni jina la kampuni, la loji au la mahali. Neno imani linafuata maelezo ya Mayer, Davis na Schoorman (1995), wanaoiona kuwa ni utayari wa mtu kujiweka mikononi mwa mwingine bila uwezo wa kumsimamia, kwa kutegemea uwezo wake, nia yake njema na uadilifu wake. Hoja kuu ni kwamba mitandao ya kijamii haikuunda imani mpya. Ilichobadilisha ni mdhamini. Na nguvu ya udhamini wowote hutegemea hasara ambayo mdhamini ataipata akisema uongo.

2.0 Kitunguu na safari

Ndani ya wilaya hiyohiyo ya Karatu, kusini-magharibi mwa mji, kuna Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi. Vitunguu vinavyolimwa huko kwa umwagiliaji vinajulikana kwa jina la mahali vinakotoka hadi Nairobi, ingawa hakuna kampuni iliyokaa na kulibuni jina hilo. Hiyo ni chapa kamili. Mnunuzi wa jumla hulisikia jina, lakini haliamini jina peke yake: hufungua gunia, hubonyeza kitunguu, hutazama shingo kama imekauka, hunusa. Ugomvi wake na mkulima huwa ni juu ya bei na kipimo, hasa lumbesa, ambayo sheria ya vipimo inaikataza na ambayo haijakoma. Jina humleta mnunuzi hadi shambani. Mkono wake ndio unaomaliza biashara.

Nelson (1970) alitofautisha bidhaa ambazo ubora wake hukaguliwa kabla ya kununuliwa na zile ambazo ubora wake hujulikana baada ya kutumiwa. Darby na Karni (1973) wakaongeza kundi la tatu: bidhaa ambazo hata baada ya kuzitumia, mnunuzi hawezi kujua kama alipata alichoahidiwa. Kitunguu cha Mang'ola kiko karibu na kundi la kwanza. Safari ina mambo ya makundi yote matatu kwa pamoja. Umbo la gari na orodha ya loji hukaguliwa mapema. Ujuzi wa dereva-mwongozaji, uzima wa gari kwenye mteremko wa Seneto, na ladha ya chakula hujulikana siku yenyewe. Lakini kama mpishi wa kambi alilipwa, kama ada iliyotolewa kwenye boma la Wamasai ilizifikia familia za boma hilo, kama sehemu ya faida inayotajwa kwenye tovuti ilifika kweli shuleni, mgeni hurudi kwao bila kujua. Si ajabu kwamba maneno mazito zaidi ya kimasoko, kama vile utalii endelevu na kuinua jamii, yamejazana katika eneo hili la tatu. Ahadi isiyoweza kukaguliwa ndiyo ahadi isiyo na gharama.

Akerlof (1970) alionyesha hatari inayofuata. Pale ambapo mnunuzi hawezi kutofautisha kizuri na kibaya, hukubali kulipa bei ya wastani tu. Mwenye bidhaa nzuri, ambaye gharama zake ni kubwa, hujiondoa sokoni, na kinachobaki ni kibaya. Katika utalii wa kaskazini jambo hili hujitokeza kupitia bei za chini kupita kiasi. Ada ya kuingia hifadhini na ada ya gari kushuka kreta hupangwa na mamlaka na kutangazwa hadharani. Kampuni inayouza safari kwa bei isiyotosha kulipa ada hizo, mafuta na kitanda cha Karatu haitoi punguzo. Kuna kitu ambacho haitakilipia. Mtu anayejua hesabu hiyo hahitaji maoni ya mteja yeyote. Ni wachache, hata hivyo, wanaoitafuta, kwa sababu tangazo huonyesha twiga, halionyeshi mchanganuo wa gharama.

3.0 Wadhamini wa zamani

Jina la Ngorongoro lilijulikana duniani kabla ya intaneti. Eneo la hifadhi lilianzishwa mwaka 1959, na mwaka huohuo ilitoka filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael kuhusu Serengeti, iliyoshinda tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Michael alikufa kwa ajali ya ndege wakati wa kazi hiyo na akazikwa kwenye ukingo wa kreta. Baba yake, aliyefariki mwaka 1987, alizikwa kando yake. Magari ya wageni hupita karibu na kaburi hilo hadi leo. Mwaka 1979 UNESCO iliiingiza Ngorongoro katika orodha ya urithi wa dunia kwa sababu ya mazingira yake, na mwaka 2010 ikaongeza thamani ya kiutamaduni. Kila moja ya hatua hizo ilikuwa udhamini: taasisi au mtu anayejulikana alisema kwamba mahali hapa panastahili.

Hata hivyo, kuamini mahali si kuamini kampuni. Kwa upande wa kampuni, mdhamini wa zamani alikuwa wakala wa Ulaya au Marekani. Mteja wa Ujerumani hakuijua kampuni ya Arusha wala loji ya Karatu. Alimjua wakala wa mtaani kwake, na wakala alijua kwamba safari ikiharibika malalamiko yatarudi mlangoni pake. Udhamini huo ulikuwa na meno ya kisheria. Kanuni za Umoja wa Ulaya kuhusu safari za jumla, za mwaka 1990 na kisha za 2015, humwajibisha mwandaaji wa safari kwa huduma zote zilizomo, na humtaka awe na kinga ya kumrudishia mteja fedha endapo atafilisika. Wakala naye alitoza kamisheni, na wenye biashara wa Tanzania wamelalamika kwa miaka mingi kwamba sehemu nono ya bei hubaki ng'ambo.

Mitandao ilipomwezesha mgeni kuandika moja kwa moja kwa kampuni ya Karatu, pande zote mbili zilipata nafuu ya bei. Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba mgeni huyo, kwa kumruka wakala, ameruka pia kinga ya sheria ya kwao. Ameubadilisha wajibu wa kisheria kwa nyota tano. Tanzania inayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo hukataza kumpotosha mlaji, na Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, ambayo hudai leseni kwa kila mfanyabiashara wa utalii. Lakini mtu aliyekwisha kurudi kazini kwake hafungui shauri Arusha kwa ajili ya malipo ya awali yaliyopotea. Huandika maoni mtandaoni. Kwa wengi, hayo ndiyo mahakama pekee yanayofikika.

4.0 Nyota na uzito wake

Kwamba maoni ya wateja yana nguvu si suala la kubishaniwa. Utafiti wa Luca (2011) kuhusu migahawa ya Seattle ulionyesha kwamba kuongezeka kwa nyota moja kwenye mtandao wa Yelp kuliambatana na ongezeko la mapato la kati ya asilimia 5 na 9. Jambo la maana zaidi kwa Karatu ni sehemu ya pili ya matokeo hayo: ongezeko liliihusu migahawa ya kujitegemea, si ile ya makampuni makubwa yenye majina yanayojulikana. Jina kubwa tayari lina imani yake. Loji ya vyumba kumi iliyo kwenye barabara ya vumbi nje ya mji wa Karatu haina kitu kingine cha kumwonyesha mgeni isipokuwa maneno ya waliotangulia. Ni vigumu kukadiria milango iliyofunguliwa na mitandao kwa wazawa wasio na mtaji wa kuhudhuria maonyesho ya utalii ya Berlin au London.

Nguvu hiyo ndiyo inayovutia ughushi. Mayzlin, Dover na Chevalier (2014) walilinganisha mtandao unaopokea maoni ya yeyote, yaani TripAdvisor, na ule unaopokea maoni ya waliolipia chumba tu, yaani Expedia. Waliona dalili za maoni ya kughushi zaidi katika ule wa kwanza, hususan kwa hoteli ndogo za kujitegemea na jirani zao washindani. Mwaka 2012 mamlaka ya viwango vya matangazo ya Uingereza iliizuia TripAdvisor kudai katika matangazo yake kwamba maoni yake yote ni ya kweli na ya kuaminika. Mwaka 2017 mwandishi Oobah Butler aliufikisha kibanda cha bustanini kwake nafasi ya kwanza miongoni mwa migahawa ya London, bila kupika sahani moja. Mwaka 2024 Marekani ilipitisha kanuni inayopiga marufuku kununua na kuuza maoni ya uongo. Kwa hiyo udhaifu huu si wa Afrika. Tofauti ni kwamba mgahawa wa London ukimdanganya mteja, amepoteza chakula cha jioni. Safari ya Ngorongoro ikiwa hewa, amepoteza akiba ya miaka.

Yapo maoni yenye uzito kuliko mengine, na tofauti inarudi kwenye gharama ya kusema uongo. Sentensi isemayo kwamba safari ilikuwa nzuri mno inaweza kuandikwa na yeyote. Maoni yanayomtaja dereva, mwezi wa safari, mvua iliyofunga barabara ya Ndutu na namna gari lilivyonasuliwa ni ghali kuyabuni, na yakibuniwa hugongana na maoni mengine ya juma hilohilo. Hali kadhalika, majibu ya kampuni kwa lalamiko hufundisha zaidi kuliko sifa. Kampuni inayokiri kwamba gari liliharibika na kueleza lilivyobadilishwa huonyesha uadilifu, sehemu ya imani ambayo picha haiwezi kuionyesha. Nembo za leseni na za vyama vya wafanyabiashara zilizobandikwa chini ya tovuti zina uzito mdogo kuliko zinavyodhaniwa, kwa kuwa kunakili nembo ni kazi ya dakika moja. Uzito wake hupatikana pale tu mteja anapoiuliza taasisi yenyewe.

Maoni haya pia hukusanywa kwa namna ambayo si huru kabisa. Mgeni huombwa aandike safari inapoisha, akiwa bado na furaha, mara nyingi na dereva mwenyewe ambaye ajira yake inapimwa kwa jina lake kutajwa. Ni vigumu kumnyima nyota mtu aliyekaa naye siku sita ndani ya gari moja. Ombi hilo si udanganyifu, ila hufanya wastani wa nyota uelekee juu kwa kila kampuni, hata mteja ashindwe kutofautisha kampuni njema na ya kawaida.

Dereva huyo anastahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko kawaida ya fasihi ya masoko. Mgeni akirudi kwao, namba aliyo nayo kwenye WhatsApp si ya kampuni, ni ya dereva. Dada yake au rafiki yake akitaka kuja, huelekezwa kwa dereva. Kidogo kidogo imani huhama kutoka kwenye jina lililoandikwa mlangoni mwa gari na kuhamia kwa mtu anayeliendesha. Baadhi ya kampuni zinazoongozwa na wazawa zilianza hivyo, kwa mwongozaji aliyekuwa na wageni kabla ya kuwa na gari. Njia hiyohiyo hutumiwa na kampuni za mkobani zisizo na leseni wala ofisi, ambazo hukodi gari siku mbili kabla ya safari na kutoweka likiharibika. Kwa macho ya mgeni aliyeko mbali, wawili hao hufanana.

5.0 Picha ya kweli, ahadi ya uongo

Udanganyifu mwingi wa kimasoko katika eneo hili hauhitaji uongo wowote. Picha ya nyumbu wakiruka Mto Mara ni ya kweli, lakini nyumbu huvuka mto huo kaskazini mwa Serengeti kati ya Julai na Oktoba hivi. Mtu anayenunua safari ya Februari kwa sababu ya picha hiyo hatauona mto. Atawakuta nyumbu wakizaa kwenye tambarare za Ndutu, ndani ya Ngorongoro, tukio ambalo kwa wengi ni zuri zaidi, ila si alilolipia. Vivyo hivyo kuhusu majina. Loji kadhaa zilizoko upande wa Karatu, nje ya geti, zimejipa jina la Ngorongoro. Jiografia hailikatazi jambo hilo waziwazi, kwani ziko jirani, na kulala Karatu humwondolea mgeni gharama ya kulala hifadhini. Lakini aliyeamini kwamba ataamka akitazama kreta huamka akitazama shamba la kahawa. Shamba lenyewe linapendeza. Imani imekwisha kupungua.

Washawishi wa mitandaoni wameongeza jambo hili. Mtu mwenye wafuasi wengi hulazwa bure, naye huweka picha. Wafuasi humwamini kama rafiki, kumbe udhamini wake ni kinyume cha ule wa wakala wa zamani: safari ya mfuasi ikiharibika, mshawishi hapotezi kitu. Wateja wengi wanalitambua hilo, na ndiyo maana picha hizo huamsha hamu ya kwenda kuliko zinavyojenga imani katika kampuni fulani. Hamu na imani ni vitu viwili, na wenye loji wanaovichanganya hulipa kwa vyumba bure.

Kielelezo kikubwa cha kuamsha hamu ni filamu ya The Royal Tour, ambamo Rais Samia Suluhu Hassan alimtembeza mwandishi Peter Greenberg vivutioni, na iliyozinduliwa New York Aprili 2022. Watalii wa kimataifa walioingia Tanzania walikuwa takribani milioni 1.5 mwaka 2019, wakashuka hadi takribani 621,000 mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, wakafikia karibu milioni 1.45 mwaka 2022 na takribani milioni 1.8 mwaka 2023. Ni kawaida kusikia ongezeko lote likihesabiwa kuwa tunda la filamu. Takwimu hazitoshi kuthibitisha hivyo, kwa kuwa dunia nzima ilikuwa ikifunguka kipindi hichohicho. Linaloweza kusemwa ni kwamba filamu ilitoa udhamini wa nchi kwa gharama kubwa na hadharani, wakati ambapo wasafiri walikuwa na hofu. Haikuweza kumwambia mtazamaji ni kampuni ipi ya Karatu imlipe.

6.0 Jina moja, habari mbili

Chapa ya mahali ina ugumu ambao chapa ya kampuni haina: hakuna mwenye nayo peke yake. Tangu Juni 2022 serikali imetekeleza mpango wa kuwahamishia wakazi wa hifadhi ya Ngorongoro, wengi wao wafugaji wa Kimasai, katika kijiji cha Msomera, wilayani Handeni. Serikali imesema kwamba wanaohama wanahama kwa hiari na kwamba hifadhi imezidiwa na watu na mifugo. Wakazi wengi na mashirika ya haki za binadamu, likiwemo Human Rights Watch katika ripoti yake ya Julai 2024, wanasema kwamba huduma za jamii zimepunguzwa ili watu waondoke. Agosti 2024 wakazi waliandamana kwa siku kadhaa kwenye barabara kuu ndani ya hifadhi, ileile inayotumiwa na magari ya watalii, na picha za video zikasambaa duniani.

Kwa nadharia ya imani, tukio hilo liligusa kitu ambacho hakuna kampuni ya Karatu inayoweza kukitengeneza kwa tangazo. Maswali ya mgeni hayakuwa tena kuhusu uwezo wa gari kushuka kreta. Yalikuwa kuhusu nia njema, tena ya mahali pazima. Vipeperushi vya utalii vimekuwa vikimuuza Mmasai aliyevaa shuka nyekundu kama sehemu ya mandhari ya Ngorongoro, na filamu za miaka ya 1950 zilipendelea kuonyesha nyika isiyo na watu. Picha hizo mbili zilikaa pamoja bila kugombana kwa muda mrefu, kwa sababu mtazamaji hakuwa na njia ya kumsikia Mmasai mwenyewe. Simu imempa njia hiyo. Katika kioo kilekile ambacho mgeni huona tangazo la loji, hupita video ya mwanamke wa Endulen au Nainokanoka akieleza kuhusu zahanati na malisho. Kampuni nyingi zimechagua kunyamaza, na ukimya huo unaeleweka, kwa kuwa leseni na vibali hutoka serikalini. Lakini mteja anayesoma pande zote mbili huusoma ukimya pia.

Swali hilo halijibiwi na idara ya masoko. Hujibiwa ndani ya gari, kwenye foleni ya vibali Lodoare au mahali barabara inapopinda na maboma kuonekana, pale mgeni anapouliza kwa nini watu wanaondolewa. Anayeulizwa ni kijana wa Karatu, pengine Mwiraqw, pengine Mmasai mwenye ndugu waliohamia Msomera na wengine waliokataa. Ana mwajiri, ana kibali cha kuongoza watalii, na ana siku nne zaidi na watu hao kabla ya kuwaomba waandike maoni.